Msimamizi Aliyegawa Bisibisi

Hakuwahi kunipa bisibisi na koleo siku moja. Ukitaka kumjua yule Msimamizi wa mafunzo yetu, anzia hapo. Kila asubuhi alifungua sanduku la vifaa akatugawia mkononi, huyu bisibisi, huyu koleo, huyu nyundo, yule brashi, kisha akalifunga sanduku na kulikalia. Kompyuta ya mezani, ambayo ningeifumua peke yangu kabla chai haijapoa, ikabidi tuizunguke watu wanne wanne kama waganga juu ya mgonjwa mmoja.

Na mimi sikuwa mtoto, hilo nataka lieleweke mapema. Nilikuwa nimevuka thelathini, nina mke, nina nyumba Igogo, hapa Mwanza, niliyoijenga kwa chuma chakavu, na mikokoteni yangu mwenyewe ikisukumwa na watu ninaowalipa mimi. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Nilianza na gunia begani, nikiokota misumari na masufuria yaliyotoboka, na leo nikiingia sokoni wauza chuma wanasogea nipite. Kwa hiyo shirika moja lilipotangaza mafunzo ya vitendo ya kuchambua vifaa vya umeme vilivyokufa, yaani simu, kompyuta, televisheni za zamani zenye chogo, mimi sikwenda kutafuta cheti. Nilikwenda kwa sababu nilisikia kwamba kwenye zile bodi za kijani za ndani kuna dhahabu. Huku kwetu kila ukoo una mtu aliyewahi kushuka shimoni Geita. Ukilitaja neno dhahabu, hata aliyelala anageuza sikio.

Kulikuwa na jambo jingine. Tuliambiwa kwamba mafunzo yakiisha mmoja wetu atabaki kuwa kiongozi wa karakana, na wengine tutapewa mkono wa kwaheri. Nafasi ile niliitaka kuliko dhahabu. Maisha yangu yote nimejiteua mwenyewe: nilijiteua kuwa mfanyabiashara, nikajiteua kuwa bosi. Nilitaka mara moja tu niteuliwe na mtu mwingine.

Na mtu huyo mwingine, nilidhani, ni Msimamizi. Ndiyo maana nilimchunguza kuliko nilivyomchunguza mtu yeyote duniani, mke wangu akiwemo.

Alikuwa mfupi, mgongo umenyooka kama mlingoti, na koti lake la bluu lilikuwa limefuliwa mpaka mabegani likawa jeupe. Miwani yake ilishikiliwa na uzi wa nyavu. Kwao ni Ukerewe, na ulimi wake ulikuwa na mchezo wa kubadilishana r na l. Redio kwake ilikuwa ledio. Kalamu ilikuwa karamu.

"Nani kachukua karamu yangu?" aliuliza siku moja.

Tulikuwa na Mjaluo mmoja, mrefu, mcheshi, mwanafunzi mwenzetu. Akajibu, "Karamu ipi Mzee, ya harusi au ya kipaimara?"

"Karamu ya kuandikia, mpumbavu wewe!"

Tulicheka. Mimi nilicheka pia, lakini kwa tahadhari. Mtu anayechekwa kila siku na hakasiriki, ana sababu yake.

Mimi aliniita Tajiri. Sikujua kama ananipamba au ananisimanga. "Tajiri, leo wewe brashi." Nishike brashi! Mimi mwenye watu wanaonisukumia mikokoteni, nipige vumbi kwenye makasha ya kompyuta huku Mjaluo akichezea bisibisi.

Siku moja nilimwendea kwa heshima zote.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba, Tajiri."

"Naomba na koleo. Niwe na vyote viwili, kazi iende."

"Koleo analo dada yako pale. Muombe."

Huyo dada ndiye tuliyemwita Dada wa Mizani, kwa kuwa tangu wiki ya kwanza alipewa kazi ya kupima mizigo inayoingia na inayotoka. Alikuwa mpole, mkaidi, hajui kusema uongo hata wa adabu.

"Nikimuomba kila mara, si tunapoteza muda?"

"Muda wa nani?" akaniuliza, akashusha miwani.

Moyoni nilikuwa na jibu. Ujanja ule niliujua. Kwenye biashara yangu, anayejua ninakonunulia hajui ninakouzia, na anayejua ninakouzia hajui ninakonunulia. Namna hiyo hakuna anayeweza kuamka kesho akafungua biashara mbele ya biashara yangu. Nikasema huyu mzee anatufanyia vilevile. Anatukata ufundi vipande vipande, kila mmoja aondoke na kipande kisichomfaa kitu.

Kwa televisheni za chogo alikuwa na sheria yake nyingine. Kabla hujaondoa kifuniko cha nyuma, ulitakiwa useme kwa sauti, "Nafungua!" Na usiguse kitu mpaka mwenzako mmoja aache anachofanya, akutazame, ajibu, "Fungua, nakuona." Alisema ndani ya kioo kile umeme unaweza kukaa siku nyingi baada ya waya kuchomolewa. "Umelala," alikuwa akisema, "haujafa. Ukikurusha, lazima awepo mtu wa kujua umeangukia wapi."

Mimi niliona aibu kupiga kelele kama muuza maji. Siku yangu ya bisibisi ilipofika nikafungua kimyakimya, wenzangu wamenipa mgongo. Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka nikiwa nimekaa chini, mkono si wangu, bisibisi iko upande wa pili wa chumba. Nikawaambia nimeng'atwa na nge.

Msimamizi akaja, akatazama televisheni, akanitazama mimi.

"Nge?"

"Nge, Mzee."

"Nge wa inchi ishirini na moja," akasema, akaenda zake.

Nililala na wazo moja: kwa nini ile televisheni aliiweka karibu na nafasi yangu? Wengine walipewa simu. Sitasema alifanya makusudi. Nasema tu kwamba nililiwaza, na mtu mwenye akili lazima aliwaze.

Kuhusu kula, hapo ndipo aliponichanganya kabisa. Mtu anayehubiri ushirikiano kutwa nzima, ikifika saa ya chakula anachukua kibakuli chake anakwenda nyuma ya majokofu mabovu, anageukia ukuta, anakula peke yake. Sisi tunachangia ugali na dagaa kwenye sinia moja, yeye yuko kule amejificha. Mimi nilisema, huyo ana sato mzima. Mjaluo akasema labda ana masharti ya mganga. Dada wa Mizani akasema tumwache.

Sikumwacha. Nilinyemelea nikachungulia kati ya majokofu mawili. Kwenye kibakuli kulikuwa na ugali wa muhogo na mchuzi mtupu. Na juu ya jokofu, kwenye kitambaa safi, kulikuwa na meno yake yote ya juu. Alikuwa akila bila hayo, taratibu, mashavu yamezama. Aliponiona hakuyafunika.

"Hayana nguvu ya kutafuna," alisema, na maneno yalitoka kama upepo. "Ni ya kuongelea. Nenda ukawaambie."

Sikuwaambia. Siri ni mali, na mimi mali siigawi bure. Lakini nilijiuliza: kama ameweza kutuficha meno, atashindwa kuficha dhahabu?

Maana jioni alikuwa anatukagua. Alisimama mlangoni, kila mmoja apige viatu kwa brashi, akung'ute nguo, anawe mikono mpaka kwenye kiwiko. Alisema ni vumbi la madini ya risasi, lisiende nyumbani kwa watoto. Sawa, nakubali, watoto ni watoto. Lakini mbona alikuwa akipapasa na soksi? Nilimuuliza.

"Vumbi linaingia mpaka kwenye soksi," alisema.

"Na kwenye soksi zako, Mzee, anapapasa nani?"

Nilidhani atanifukuza. Akanyanyua suruali, akaniwekea mguu kwenye tofali mbele ya watu wote. "Papasa, Tajiri."

Nikapapasa. Hapakuwa na kitu siku hiyo.

Zile bodi zilikuwa kwenye pipa la bluu, pembeni, zikingoja kujaa ili zisafirishwe kwenda kusikojulikana. Wao walisema Dar, na kutoka Dar kwenda ng'ambo kwenye viwanda vyenye dawa za kuyeyushia, maana kuchoma bodi kienyeji ni kujinywesha sumu. Mimi nilisikiliza, nikaitikia kwa kichwa, na kila asubuhi nilipima kwa macho kama pipa limepungua.

Wiki ya mwisho ndipo nilipolisikia lile neno. Nilikuwa nyuma ya rundo la printa, nikipiga brashi. Msimamizi alikuwa mizanini na Dada, sauti yake ameishusha.

"Ijumaa ni kula," alisema. "Wasijue mapema, wataanza kununuana. Wewe andaa kopo tu."

"Na pipa la bodi, Mzee?"

"Hilo nalo likiondoka, basi, tumemaliza."

Nikasimamisha brashi. Ijumaa ni kula. Wasijue mapema. Kopo. Pipa likiondoka tumemaliza. Wewe msomaji ungesikia nini? Nchi hii nani asiyejua maana ya watu wazima kuambizana kwa sauti ya chini kwamba siku fulani ni kula?

Alhamisi Msimamizi alikwenda ofisini kwa shirika, mjini. Nikaleta mkokoteni wangu. Mjaluo alinisaidia kupakia pipa, akauliza tunalipeleka wapi, nikamwambia mahali salama. Akaamini. Hilo lilinishangaza, ningekuwa yeye nisingeamini. Tukaliteremsha mpaka uani kwangu, nikalifunika turubai, nikalala nikijua nimeokoa mali ya umma na kwamba kesho Msimamizi ataumbuka na karakana itakuwa yangu.

Ijumaa alikuja amevaa koti lililopigwa pasi. Akaweka kopo la maziwa ya unga juu ya meza, tupu, lina tundu kwenye kifuniko, na vipande vya karatasi.

"Jamani," alisema, "leo tunapiga kula."

Mjaluo hakukosa. "Tunapiga kula au tunakula kwanza, Mzee?"

"Kula! Kula ya kuchagua! Mnachagua kiongozi wenu wenyewe. Mimi simo. Mlidhani nitawachagulia mimi? Mimi naondoka."

Kura. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilihisi jasho likiteremka kwenye uti wa mgongo kama mjusi.

Kisha akatazama pembeni. "Pipa liko wapi?"

Mjaluo akanitazama.

"Liko kwangu," nikasema. "Salama kabisa."

"Kwako?"

"Nilisikia Ijumaa ni kula."

Dada wa Mizani alicheka mpaka akaketi juu ya mizani yake, mshale ukaruka. Msimamizi hakucheka hata kidogo. Alinitazama kama anatazama televisheni kabla ya kuifungua.

"Kalete," alisema.

Watu wangu wa mikokoteni walikuwa wameshatoka na mizigo. Nikaenda peke yangu. Kuteremka na pipa lile kulikuwa rahisi; kupandisha, anayekijua kilima kile cha Igogo na mawe yake atanielewa. Nilivuta, mkokoteni ukanivuta. Nikaweka mguu kuzuia gurudumu, nusura uvunjike. Nilipoinua macho nikawaona wanakuja, wote. Nikadhani wametumwa kuhakikisha sitoroki.

"Tajiri, kaa mbele ushike mikono ya mkokoteni," Mjaluo alisema. "Na usiachie, utatuua sisi wa nyuma."

Nikashika. Dada wa Mizani akaokota jiwe, akatembea kando ya gurudumu, na kila tulipopumzika akalisukumiza chini yake lisirudi nyuma. Hakuna aliyemwambia.

Sasa, mimi nimekuwa kwenye mikokoteni tangu ujana, lakini miaka mingi nilikuwa mtu wa kusimama pembeni na kuamrisha. Nilikuwa nimesahau kwamba aliye mbele hawaoni wanaosukuma. Ana mzigo tu mkononi, na ndio unaomwambia kama wapo au hawapo. Kila hatua chache niligeuka kuhakikisha kwamba wanasukuma kweli.

"Usigeuke!" Mjaluo alifoka. "Ukigeuka unavuta upande!"

Nikageuka tena. Gurudumu likaparamia jiwe, pipa likayumba, Dada akapiga yowe:

"We mtu mzima, unatafuta nini huku nyuma? Tupo! Tazama mbele!"

Nikatazama mbele. Niseme kweli, ilikuwa kazi ngumu kuliko pipa. Shingo ilikuwa inataka kugeuka yenyewe. Lakini mzigo ukawa mwepesi, tukapanda.

Msimamizi alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Hakusema pole wala asanteni. Alisema, "Pimeni." Pipa likapandishwa mizanini. Dada akasoma, akasema halijapungua. "Pima tena," akasema Msimamizi. Akapima tena. Unaona? Aliyetuhubiria kuaminiana. Lakini kwa hilo namheshimu, maana mimi ningepima mara tatu.

Kisha tukapiga kura. Kila mmoja aligeukia ukuta akaandika, akatumbukiza. Msimamizi akamimina kopo, akafungua vikaratasi kimoja kimoja, akasoma kwa sauti. Dada wa Mizani. Dada wa Mizani. Mjaluo. Dada wa Mizani. Nilingoja jina langu. Akafika mwisho, akavua miwani.

Mimi sikupata hata moja.

Na mimi nilijipigia mwenyewe.

Hebu kaa hapo ulipo uniambie ungefanya nini. Ukisimama kudai kwamba kura yako imeibwa, unatangaza mbele ya watu kwamba umejipigia. Nikampa Dada mkono. Nikachukua cheti changu, nikateremka kilima nikiwa na uhakika: yule mzee mwenye meno ya kuongelea ameichezea kura yangu. Sababu yake ilikuwa pipa, au nge, au soksi. Sababu hazikosekani.

Dada aliiendesha karakana vizuri, nakubali, mpaka mradi wao ukaisha. Mimi nikafungua yangu. Leo uwanja wangu wa kuchambulia hauna mfano pale Igogo, muulize yeyote. Nina mizani mbili, nina watu wenye glovu na viatu, televisheni za chogo hazifunguliwi mpaka mtu aitikie, na bodi zangu zinaondoka kwa lori. Yote haya niliyajenga mimi, darasa la tano.

Lakini ile kura ilibaki kama mwiba wa samaki kooni.

Mwaka huu nilivuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kufuata majokofu mabovu ya hoteli moja. Nilipomaliza, nikakaa kwa mama muuza chai karibu na gati kungoja meli ya kurudi Mwanza. Kwenye benchi la pili kulikuwa na mzee, mgongo umenyooka kama mlingoti.

"Shikamoo, Msimamizi."

Alinigeuzia uso, si macho. Macho yalikuwa na utando. "Marahaba. Nani?"

"Tajiri."

"Ah! Tajiri wa nge!" Akanishika mkono akaubana, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, kama vile jioni mlangoni. "Nasikia una uwanja mkubwa. Watu wako wanafanya nini leo?"

"Wamepumzika. Nikisafiri nafunga, funguo natembea nazo."

"Unafunga," alisema. Basi. Akanywa chai.

Meli ilishaanza kupakia magunia. Niliona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Mzee, ile siku ya kura. Yangu uliipeleka wapi?"

Sikutaka kuzunguka. Yeye naye hakuzunguka.

"Ilikuwa yako? Nilihisi hivyo, lakini sikuwa na hakika. Moja niliificha mkononi, ikaingia mfukoni. Nilipofika nyumbani nikaichoma."

Nikasimama. Miaka yote hii! "Kwa hiyo uliiba."

"Keti. Haikuwa na jina la mtu. Iliandikwa neno moja tu. Mimi."

"Wewe?"

"Si mimi! Iliandikwa hivyo. 'Mimi.' Sasa nisome nini mbele ya watu? Nikisema kuna mtu kaandika mimi, wataulizana mimi ni nani, watacheka mpaka Jumatatu. Na siku ile kuna mtu alikuwa ameshachekwa vya kutosha."

Nikamwambia sikuandika hivyo. Mtu mzima, mfanyabiashara, niandike mimi? Nikamwambia labda ni Mjaluo kwa utani wake. Nikamwambia labda ni yeye mwenyewe anayeitunga sasa hivi, uzeeni, ili aondoke duniani na mikono safi.

"Labda," alisema. "Sikuuliza wakati ule, siulizi leo. Ila ile herufi em nakumbuka. Ilikuwa na mguu wa ziada. Miguu minne, kama ng'ombe."

Honi ya meli ikalia. Nikampa mkono, nikamlipia chai, akakataa kulipiwa, nikamlipia hivyo hivyo.

Nikapanda meli. Ukerewe ikazama nyuma, maji yakawa pande zote. Sikuwa namwamini, na bado naweza nisimwamini. Mwishowe nikamuomba kalamu mama aliyekaa karibu yangu, nikageuza tiketi, nikaandika lile neno haraka, bila kufikiri, kama mtu anavyoandika akiwa amegeukia ukuta na ana haraka.

Kisha nikahesabu miguu ya em ya kwanza. Nikahesabu na ya pili.